Moyo Uliokuwa Ukipumzika Kitete

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ulipoomba maji ya kunywa, ukanywa nusu, ukamrudishia Mama kata na kusema, "Nyingine baadaye." Hiyo baadaye haikufika. Wewe, Abbasi bin Nassibu, fundi seremala wa Gongoni, mtu uliyekuwa ukimaliza kazi siku uliyoahidi, mara hiyo ulituahidi ukaondoka.

Gazetini tumepewa nafasi ya kiganja tu: picha yako, jina na tarehe. Haya marefu tunayaandika tuyasome barazani kwako siku ya hitima, mbele ya ndugu, majirani na wale mafundi wenzako wa ushirika ambao mpaka leo wanagombania randa yako. Anayeshika kalamu ni Zamda, mwanao wa kwanza. Shaban na Tatu wanakumbusha. Baba mdogo Mfaume anasahihisha, na mengi anayosahihisha hayakuwa na kosa. Na Mama, mkeo Mwamvita, amekaa mlangoni anapepeta mchele na kujifanya hasikilizi. Anasikia kila neno.

Tulipomwuliza mwanzoni kabisa, "Mama, na Koleta tumtaje?" ungo ulisimama.

"Koleta yupi?"

"Koleta wa Kitete, Mama."

"Hao mnaowataja ni ndugu au abiria wa treni? Andikeni mengine."

Basi tunaandika mengine, lakini hilo la Koleta halijaisha. Baba mdogo anasema bila jina lake kumbukumbu hii itakuwa na pengo, na watu wataliona. Mama anasema jina hilo likisomwa, yeye hatakuwepo barazani. Unamjua mkeo. Akisema hatakuwepo, usimtafute.

Tunakumbuka penseli yako nyuma ya sikio, uliyokuwa ukienda nayo hadi msikitini ukaipapasa katikati ya mawaidha. Tunakumbuka ulivyokuwa ukimaliza meza ukaibishia hodi kwa ngumi mbili ndogo, kisha ukainamisha kichwa kana kwamba unangoja kuambiwa karibu. Watoto wa mtaa mzima walikalishwa kwenye viti vyako kabla ya wenye viti. Ulisema kiti kisichovumilia mtoto hakitavumilia mgeni. Hukumpandishia mtu sauti, isipokuwa mtu aliyeacha msumeno kwenye umande.

Na majivuno ulikuwa nayo, usikatae. Ulipenda kutusimulia jinsi babu wa babu yako alivyobeba pembe za ndovu kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, akarudi na shuka begani bila hata kukohoa. "Kifua cha ukoo huu ni ghala," ulisema, ukijipiga kifua hicho mpaka vumbi la mbao likatoka kwenye shati.

Kisha ghala likaingiliwa na kifua kikuu.

Tulikuwa wadogo bado, lakini tunakumbuka. Sindano kila asubuhi, halafu vidonge vya mwaka mzima na zaidi, na watu wakianza kupita upande wa pili wa njia. Harusini kwa jirani ulitengewa pilau yako peke yako, sahani imetiwa alama ya mkaa chini ili isije ikachanganyika na nyingine. Daktari alikwisha kusema huambukizi tena, ila nani aliwaambia watu wa harusi? Mama akatoka upande wa wanawake, akaketi mbele yako katikati ya ua, akala nawe sahani hiyohiyo. Akalamba vidole, kimoja kimoja, akiwatazama wenye harusi. Pale alipokaa hakuna aliyethubutu kumwinua.

Ukapona. Daktari akasema kifua ni safi, tukachinja jogoo, ukarudi kiwandani. Habari ya moyo hakuna aliyeuliza. Nani angeuliza? Ugonjwa ulikuwa wa kifua, kifua kimepona, basi.

Mwaka ule watu walipokuwa wakihamia vijiji vipya kila upande, shule zilitaka madawati, na ushirika wenu ukawa unapelekwa Urambo kuyatengeneza. Safari moja ulirudi unalalamikia viatu. "Anton kanishonea viatu vya mtoto," ulisema. Ukamrudishia, akavipanua, vikabana tena, mkanuniana na fundi viatu uliyecheza naye utotoni. Maskini Anton, viatu vyake havikuwa na kosa lolote. Miguu ndiyo iliyokuwa inavimba.

Ukaanza kulala umeegemea mito kama bwana harusi. Ukitoka sokoni ulisimama njiani, ukainama ukisema unafunga kamba ya kiatu, na umevaa kandambili. Sisi tulicheka. Mama hakucheka, alianza kutazama.

Alichokitazama hasa ni sahani. Baba, ulikuwa mtu wa kumaliza chakula na kusifia chungu, sasa ukawa unamega matonge mawili matatu na kusema umeshiba. Ugali wa mkeo, na mboga ya dagaa wa Kigoma, na chumvi yake ya Uvinza aliyokuwa akiichagua mwenyewe kwa kuionja ulimini, vyote vinarudi jikoni. Hapa Gongoni kila mwanamke anajua maana yake. Mume anayerudisha chakula cha nyumbani amekwisha kula kwa mtu.

Mama akazidisha mapishi. Dagaa wakaongezeka, chumvi ikaongezeka, na wewe ukapungua kula. Akavaa kanga mpya jikoni. Akajifukiza udi mchana kweupe. Ulimwambia moshi unakubana pumzi, naye akatafsiri atakavyo.

Ndipo alipokuja Amne, jirani yetu, mdomo unamwasha. Tatu alikuwepo anasugua sufuria, na anayakumbuka maneno yote.

"Mama Zamda, mimi si mtu wa maneno."

"Sema, shoga, umekuja kuyasema."

"Nilikwenda Kitete kumwona mgonjwa. Nikapita uchochoro wa nyuma ya hospitali, kwa yule binti wa Kikristo, Koleta, anayedarizi vitambaa. Nikamsikia mumeo kwa masikio yangu haya mawili. Anamwambia, 'Koleta, hapa kwako ndipo moyo wangu unapopumzika.'"

"Alisema moyo?"

"Moyo, shoga. Hakusema mguu."

Baba, wewe ulikuwa unasema kweli tupu. Lakini katika lugha yetu hii moyo umebeba mambo mengi mno, na mwanamke mwenye wivu hawezi kuusikia moyo wa mumewe umepumzika kwa mtu akafikiria nyama na damu. Nyongo ikampanda Mama. Siku mbili hakusema na wewe, na wewe, kwa kuhangaika na pumzi zako, hukugundua. Hilo lilimuudhi kuliko lile la kwanza.

Siku ya tatu akajifunga kibwebwe. Tatu aliambiwa abaki nyumbani, akafuata nyuma. Jua la mchana, Mama mbele anatembea kama mwenye kesi, mpaka Kitete, mpaka uani kwa Koleta. Hakubisha hodi.

Ulikuwa umekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, sahani mbele yako. Unakula. Tena unakula kwa raha, jambo ambalo nyumbani lilikwisha kusahauliwa. Koleta yupo jikoni anapepea moto, mwembamba, midomo ina rangi ya zambarau. Mama yake, Bi Tekla, alikuwa pembeni anachambua maharage, ila Mama siku hiyo hakuona watu wawili, alimwona mmoja.

"Mama Zamda," ulisema.

Mama aliinama, akamega tonge kwenye sahani yako, akachovya mlenda, akatia mdomoni. Akatafuna. Akameza. Akamgeukia Koleta.

"Hii nini?"

"Mlenda, dada."

"Mbona hauna chumvi?"

"Hauna, dada."

"Mwanamke mzima unaniibia mume, na hata chumvi huna?"

Hapo ukacheka, Baba. Tatu anasema hajapata kukusikia ukicheka vile. Ulicheka mpaka pumzi ikakatika, ukaushika ukuta, macho yakakutoka, na Koleta akawa wa kwanza kukufikia. Alikuinamisha mbele, akakulegezea shati, anajua pa kushika. Mama amesimama na tonge la pili mkononi, anatazama mikono ya mwanamke mwingine inavyofanya kazi juu ya mumewe bila kubahatisha.

Ulipotulia, Mama alipiga magoti. Aliubonyeza mguu wako kwa kidole gumba juu ya kifundo. Akatoa kidole. Shimo likabaki.

"Hii nini?" aliuliza tena, kwa sauti nyingine kabisa.

Ndipo ukayasema. Ulikwenda hospitali peke yako. Daktari alikueleza kwamba kile kifua kikuu kabla ya kuondoka kilikuwa kimegusa ngozi inayoufunika moyo, na sasa ngozi hiyo imekuwa ngumu, inaubana moyo usitanuke vizuri. Damu inashindwa kurudi sawasawa, maji yanakusanyika miguuni na tumboni. Dawa za kuyatoa maji ulipewa. Ukaambiwa usibebe magogo, na chumvi uiache. Koleta ulimkuta kwenye benchi la wagonjwa wa moyo. Moyo wake uliharibika tangu utotoni, kwa homa ya viungo, na chungu cha kwao hakijaonja chumvi miaka mingi. Siku za kliniki ulipita kwao kupumzika na kula chakula usichoogopa. Basi. Hakukuwa na lingine.

"Na mimi?" Mama aliuliza. "Mimi niko wapi katika maneno hayo?"

Ulinyamaza, Baba. Hapo ndipo ulipokosea.

Tangu siku hiyo chumvi ilihama jikoni kwetu. Mama alijifunza upya kupika, kwa limau, kitunguu na karanga za kusaga, naye akala hichohicho bila kulalamika. Sisi tulikuwa tunaficha chumvi kwenye karatasi. Lakini kila ulipomaliza kula alikuuliza, "Hii na ya Koleta, ipi tamu?" Nawe ulijibu, "Yako." Mara moja ulijisahau ukasema zinalingana, na ukalala umenuniwa mpaka Ijumaa.

Kliniki akawa anakwenda nawe. Kwenye benchi alikaa katikati yenu, mapaja yameenea, kikapu mapajani. Koleta alipotaka kukuambia jambo alipaswa kumwambia Mama kwanza. Akasema hiki kidonge kinywewe asubuhi, ukikinywa jioni utashinda chooni usiku. Mama alisikiliza uso umetazama dirishani, na alipofika nyumbani alitueleza yote kama mambo aliyoyatoa kichwani mwake.

Aliwahi kumwuliza daktari, faraghani, kama ule mwaka wa dagaa na chumvi ndio uliokuharibu. Daktari akasema hapana, chumvi inaongeza maji, lakini kinachoua ni ile ngozi inayobana, na kuifungua ni kazi ya mahospitali ya mbali sana. Mama alirudi na jibu hilo na hakushukuru. Alisema, "Nilijua." Kisha akakukasirikia upya kwa kumficha.

Ulikaa nasi mwaka na miezi baada ya hapo, na daktari alishangaa. Ulitengeneza madawati umekaa, ukielekeza kwa penseli. Mlango wa mwisho ulioutengeneza ni wa choo cha Amne, na uliubishia hodi mara mbili kama wote. Kisha tumbo likajaa tena, miguu ikawa mizito, na ile asubuhi ya maji ikafika.

Mazikoni Koleta alikuja na Bi Tekla, wakakaa mwisho kabisa wa jamvi la wanawake. Mama aliwaona. Alimtuma Tatu awapelekee chai, akasema isiwekwe pamoja na maandazi yenye chumvi. Hakwenda kuwasalimu.

Mpaka hapa tulifika jana, tukasoma kwa sauti, Mama mlangoni. Tulitegemea agombe kwamba Koleta ametajwa mno. Hakugomba. Aliuweka ungo chini.

"Mnadhani nina wivu wa chakula," alisema.

Tuliweka karatasi chini.

"Mwili angempa, ningejua la kufanya. Ningemng'oa nywele, ningerudi kwetu, ningerudishwa, yakaisha. Lakini hofu yake alimpa yeye. Mume anaogopa kufa, analala ubavuni kwangu, halafu asubuhi anavaa kanzu anakwenda kuogopea Kitete. Nilikula naye sahani ya mkaa mbele ya mji mzima. Sikustahili kuambiwa?"

Baba mdogo Mfaume akaanza, "Shemeji, wanaume bwana..."

"Nyamaza, Mfaume."

Akatanda kanga yake, akatoka. Hakusema anakokwenda, ila alishika njia ya Kitete.

Alirudi alasiri. Haya tunayoandika sasa ametusimulia mwenyewe, kwa mkato, huku anatafuta kitu kabatini ambacho hakikuwepo. Alimkuta Koleta kitandani, miguu juu ya mto, maana na yeye hali yake si nzuri. Alikaa kwenye kigoda. Hakuuliza hali. Alisema, "Nimekuja kwa neno moja. Kwa nini wewe?"

Koleta alijiinua kwa viwiko.

"Dada, nilimwuliza hivyohivyo. Nilimwambia, Fundi, nenda kamwambie mkeo. Akasema, 'Nikimwambia Mwamvita, nitauona uso wake. Na nikiuona uso wake, nitajua ni kweli.' Uso wangu mimi haukumtisha, dada. Aliutazama kama alivyotazama benchi la hospitali. Ndiyo maana aliniambia."

Mama hakutuambia alijibu nini. Tunachojua ni kwamba alimpikia Koleta uji kabla ya kuondoka, na Bi Tekla alipotaka kumsaidia alimwambia akae, jiko si geni kwake.

Usiku tulimsikia akikusema, Baba. Hakulia. Alikuwa anakugombeza kama ulipokuwa hai, akakuita mwoga, akakuita jina lile lenu la siri ambalo hatuliandiki. Na leo asubuhi amekaa mlangoni palepale. Kwanza ametaka tuweke maneno yake, nasi tunayaweka kama alivyoyasema:

"Mnaosikia haya, aliyeugua kifua akapona, au anayeishi na ugonjwa wowote mrefu, asishangilie kifua akausahau moyo. Atazame miguu yake. Asikilize pumzi zake akipanda ngazi, akilala chali. Aende apimwe. Na akiambiwa la kuambiwa, asiende kulisema kwa watu. Aanze na aliye nyumbani. Uso wake utabadilika, ndiyo. Auache ubadilike. Ni uso wake."

Akachukua ungo. Kisha akaita.

"Zamda, kalamu unayo?"

"Ninayo, Mama."

"Mwandike."

Hatukuuliza nani. Shaban ndiye aliyeuliza tumwandike kama nani, akapendekeza rafiki wa familia.

"Rafiki wa familia ipi? Kwangu mimi si rafiki."

Baba mdogo akasema, "Mgonjwa mwenzake."

"Hayo ni ya hospitali, si ya barazani." Alipepeta kidogo, akaacha. "Andika hivi: Koleta wa Kitete, aliyejua kabla ya mkeo."

"Mama, hilo litakuuma kila likisomwa."

"Liniume. Na yeye huko aliko limuume kidogo. Lakini Koleta asiwe wa mwisho. Jina la mwisho ndilo watu huondoka nalo. Wa mwisho niwe mimi."

"Mama, wewe ndiye wa kwanza."

"Na wa kwanza pia. Kwani kuna atakayenizuia?"

Hakuna, Baba. Hata wewe usingeweza. Umekwenda, lakini kwenye nyumba hii hujapungua hata kidogo, na kukusahau hatuwezi, wala hatutajaribu.

Tunaokukumbuka: mkeo Mwamvita, wanao Zamda, Shaban na Tatu, mdogo wako Mfaume, fundi viatu Anton, aliyekwisha kukusamehe, mafundi wenzako wote wa ushirika, Koleta wa Kitete, aliyejua kabla ya mkeo, na Mwamvita tena.